Kumkosoa Tajiri Hadharani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Adabu za Ulimi

Katika darasa za msikitini, kwenye vikao vya wafanyakazi na katika makundi ya simu, kila anapotajwa tajiri aliyechelewesha mishahara au aliyezungushia ukuta njia iliyokuwa ya wote, mabishano huzuka baina ya wanaoona kuwa kumtaja ni kumsengenya na wanaoona kuwa kunyamaza ni kushirikiana naye katika dhulma. Majibu yafuatayo yameegemea zaidi mafundisho ya Kiislamu kuhusu ulimi, kwa kuwa ndiyo yanayotajwa sana katika mwambao wetu mtu anapotaka kumnyamazisha mwenzake au kujihalalishia maneno yake. Biblia, historia yetu na sheria za Tanzania na Kenya zimeguswa pale zinapoongeza jambo. Msimamo wa mwandishi uwekwe wazi tangu mwanzo: kabla ya kuuliza tajiri ana mali kiasi gani, tuulize ni haki ya nani iliyochukuliwa, na anayelisema hilo amelijuaje.

Je, kumtaja tajiri kwa ubaya alioufanya ni usengenyi?

Kwa asili, ndiyo. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, inaeleza kuwa usengenyi ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Mtume alipoulizwa itakuwaje iwapo jambo hilo analo kweli, jibu likawa kwamba hapo ndipo umemsengenya, na kama hana, basi umemzulia. Kwa hiyo ukweli wa habari peke yake haumtoi msemaji katika dhambi, na hili husahauliwa na wengi wanaojitetea kwa kusema, "Mbona ninachosema ni kweli?" Heshima ya mwenye meli na heshima ya mchukuzi wa bandarini ni kitu kimoja mbele ya kanuni hii.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ina milango yake. Aya ya 148 ya Surat an-Nisaa inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa na mtu aliyedhulumiwa. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika kitabu chake Riyadhu as-Salihin hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa: kushtakia dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa, kutafuta msaada wa kuuzuia uovu, kuuliza hukumu ya dini, kuwatahadharisha watu na madhara, kumzungumzia anayefanya uovu wake waziwazi, na kumtambulisha mtu kwa lakabu aliyozoeleka nayo. Katika hali hizo sita hamna hata moja isemayo kwamba mtu atajwe kwa sababu ni tajiri, wala hamna isemayo kwamba tajiri asiguswe.

Jambo linalopuuzwa katika orodha hiyo ni kwamba kila ruhusa imefungwa kwenye haja yake. Anayeuliza hukumu anaweza mara nyingi kuuliza bila kutaja jina. Anayefanya uovu waziwazi hutajwa kwa ule uovu wa waziwazi tu, na mengine yake hubaki yamestiriwa. Anayetahadharisha hunyamaza wanaohusika wakishajua. Mtu aliyeingia kwa mlango wa kutahadharisha kisha akaendelea kulirudia jambo lile kwa miezi kadhaa kwa sababu wasikilizaji wanacheka, huyo amekwisha toka nje ya mlango alioingilia.

Tajiri hajanilipa ujira wangu. Ninaruhusiwa kulisema mbele za watu?

Unaruhusiwa, na hapa mafundisho ni mazito kuliko wengi wanavyodhani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kuwa mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhulma. Nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, inakwenda mbele zaidi na kusema kwamba mwenye nacho anayekwepa kulipa amehalalisha heshima yake na adhabu yake. Bukhari ameinukuu tafsiri ya mwanazuoni Sufyan kwamba kuhalalika kwa heshima ni mdai kupata ruhusa ya kusema, "Umenichelewesha," na adhabu ni kifungo. Tazama jinsi ruhusa ilivyopimwa: limehalalishwa neno linalohusu deni lenyewe. Mfanyakazi anayedai mishahara ya miezi mitatu anaweza kutaja kiasi, miezi, mahali pa kazi na aliyekuwa akisaini malipo. Hajapewa ruhusa ya kuzungumzia mke wa tajiri, asili yake wala maradhi yake.

Kuna pia kisa cha Hind binti Utba, aliyemlalamikia mumewe Abu Sufyan kwamba ni mtu bahili asiyempa yeye na watoto kinachowatosha. Mtume hakumkemea kwa kumsengenya mumewe. Alimwambia achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Wanazuoni wengi wamekitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba malalamiko ya mwenye haki hayaingii katika usengenyi uliokatazwa. Msomaji Mkristo atakumbuka Waraka wa Yakobo, sura ya 5, ambapo mwandishi anawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa hila, wa watu waliovuna mashamba yao, unapiga kelele. Kelele hiyo imetoka katika ujira wenyewe, haikuhitaji tusi.

Tanbihi moja ya kidunia: kulalamika hadharani hakusimamishi saa ya sheria. Nchini Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Inasikitisha kumwona mtu aliyetumia siku hizo zote akiandika mtandaoni, kisha akaanza safari ya kuomba asamehewe kuchelewa kwake.

Je, utajiri wenyewe si kosa la kutosha kukosolewa?

Hapana. Maswahaba Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Awf walikuwa matajiri wakubwa na wanatajwa kwa wema. Qarun naye alikuwa tajiri, na Surat al-Qasas inamtaja kwa kiburi chake na kwa kudai kwamba mali aliipata kwa elimu yake mwenyewe. Kinachohukumiwa ni njia ya kupata, njia ya kutumia na haki za watu zilizomo ndani ya mali hiyo.

Surat al-Humaza inastahili kusomwa polepole na pande zote mbili za mabishano haya. Ndani ya aya zake mbili za kwanza anaonywa mtu mmoja mwenye tabia mbili: anawasengenya na kuwakebehi watu, na anakusanya mali na kuihesabu. Anayeitumia sura hiyo dhidi ya matajiri asiruke aya ya kwanza, na tajiri anayeitumia kuwanyamazisha wasemaji asiishie kwenye aya ya kwanza.

Si salama zaidi kuwakosoa matajiri kwa jumla bila kutaja jina?

Mara nyingi ni salama zaidi, na Qur'ani yenyewe ina mfano wake. Surat al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo, wale ambao wakijipimia hukamilisha na wakiwapimia wengine hupunguza, na haitaji duka la mtu. Kila mwuza mchele anayesikia anajijua. Nabii Amosi, katika sura ya 8 ya kitabu chake, anawasema vivyo hivyo wanaopunguza kipimo na kuongeza bei. Ukosoaji wa namna hii hutaja kitendo kwa ukamilifu kiasi kwamba aliyekifanya hana pa kujificha na asiyekifanya hana cha kuogopa.

Lakini jumla ina hatari yake, na katika Afrika Mashariki hatari hiyo tumeiona kwa macho. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90, na hoja aliyoitoa ilikuwa ya kiuchumi: kwamba wamekuwa wakiikamua nchi. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wafanyabiashara wakubwa, lakini pia walikuwamo makarani, mafundi, walimu na watoto. Neno lililoanza kama lawama kwa wenye mali liliishia kuwa hukumu juu ya damu ya watu. Hakuna kipimo cha adabu za ulimi ambacho kinaweza kulipitisha neno kama hilo, hata kama ndani yake mlikuwamo malalamiko ya kweli ya wachuuzi na wafanyakazi walionyanyaswa madukani.

Nchini Tanzania, mwezi wa Aprili 2009, mwenyekiti wa makampuni ya IPP, Reginald Mengi, aliwataja hadharani wafanyabiashara watano akiwaita mafisadi papa, na mmoja wao akamjibu kwa kumwita fisadi nyangumi. Wote watano walikuwa wa asili ya nje ya Afrika, na swali likaibuka mara moja iwapo zilizolengwa ni tuhuma au ni asili. Si kazi ya ukurasa huu kuamua nia ya mtu, na hakuna mahali hapa panapodai kuwa aliyetajwa alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Lililo dhahiri ni kwamba orodha ya majina inapofika mbele ya umma ikiwa na asili moja, msemaji anadaiwa ushahidi wa kila jina peke yake, kosa kwa kosa, ili msikilizaji asiondoke na chuki ya jamii nzima. Aya ya 8 ya Surat al-Maida inakataza kuchukia watu kutufanye tusitende uadilifu, na wahenga wetu wamelisema kwa ufupi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Vipi kuhusu majina kama kupe, bwanyenye, fisadi na mlanguzi?

Majina haya yana historia ndefu katika siasa zetu, na baadhi yake yalizaliwa kwa sababu za haki. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba za kupangisha. Sharti la namna hiyo linaweza kupimwa: kiongozi ana nyumba ya kupangisha au hana. Lakini lugha iliyolizunguka Azimio, lugha ya kupe na mirija, ilikuwa rahisi zaidi kutamkwa kuliko masharti yenyewe kutekelezwa, na ikawafikia hata watu ambao kosa lao lilikuwa duka dogo lililofanikiwa kijijini.

Mwaka 1983, katika operesheni iliyoongozwa na Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, neno mhujumu uchumi lilimpeleka mtu kizuizini. Uhaba wa sabuni, sukari na nguo ulikuwa wa kweli, na walikuwapo walioficha bidhaa ili bei ipande. Hata hivyo sheria iliyotungwa mwaka huo iliwanyima washtakiwa uwakilishi wa mawakili, na mwaka uliofuata ikabidi itungwe nyingine mahali pake. Hapo tunaona kwamba jina likishatangulia, kusikilizwa kwa mtu huwa kama jambo la ziada. Kwa maoni yangu, anayetaka kukosoa kwa adabu aeleze kitendo kwanza, na jina la sifa aliache kabisa kama kitendo kinajieleza. Sentensi isemayo kwamba kampuni fulani ilikata makato ya hifadhi ya jamii kwenye mishahara na haikuyapeleka kwenye mfuko ina uzito kuliko neno kupe, na mwenye kampuni hawezi kuijibu kwa kulalamika kwamba ametukanwa.

Nahitaji ushahidi kiasi gani kabla ya kusema?

Unahitaji zaidi ya ulichosikia. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuchunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, isije ikawa tumewadhuru watu kwa kutojua, na aya ya 12 ya sura hiyohiyo inakataza dhana nyingi na kupelelezana. Kinyume chake, msemo unaopendwa mno vijiweni ni kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo unaweza kuwa sababu ya kwenda kuuliza. Hauwezi kuwa sababu ya kutangaza. Umaarufu wa uvumi hauuongezei ukweli hata kidogo, kwa kuwa watu elfu wanaweza kuwa wameusikia kwa mtu mmoja.

Nyaraka za umma ni nyingi kuliko tunavyozitumia. Tanzania ina taarifa za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Kenya nayo ina za Mkaguzi Mkuu wake. Daftari la makampuni ya Tanzania lipo BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Hukumu za mahakama husomwa na yeyote. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Anayenukuu ukurasa wa taarifa ya ukaguzi amesimama mahali pengine kabisa na anayeanza kwa maneno "inasemekana".

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona malipo yasiyoeleweka katika kashfa ya Goldenberg, ya fedha za umma zilizolipwa kwa madai ya kuuza dhahabu nje, na nyaraka alizozitoa zikafika mikononi mwa wabunge. Alikamatwa, akapoteza kazi, na alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Nguvu ya alichokifanya ilikuwa katika karatasi: tarehe, kiasi, na mpokeaji. Watu wenye vyeo na mali walioguswa na kashfa ile waliweza kujibu mengi, lakini karatasi zile hazikuwa na tusi la kulalamikia.

Ushahidi unapaswa pia kusemwa kwa kipimo chake. Nyaraka za Pandora, zilizovuja kuhusu mali zilizofichwa nje ya nchi, zilipotangazwa mwezi wa Oktoba 2021 na kuitaja familia ya aliyekuwa Rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta, wengi walikimbilia neno wizi. Nyaraka zilionesha umiliki wa makampuni na taasisi za kutunzia mali katika nchi za nje, na kuwa na kampuni ya namna hiyo si jinai kwa yenyewe. Mtu ana haki kamili ya kuuliza kwa nini familia ya kiongozi ihifadhi mali mahali penye usiri, na anaweza kuliona jambo hilo kuwa halifai hata kama sheria inaliruhusu. Asichokuwa nacho ni haki ya kuongeza neno ambalo waraka haukulisema.

Inafaa kuzungumzia ndoa, watoto au afya ya tajiri?

Haifai, isipokuwa jambo lenyewe ndilo dhulma, kama mali ya umma kuandikwa kwa jina la mtoto. Hata hapo huzungumziwa mali, na mtoto huachwa.

Je, ni lazima nimwonye faragha kwanza?

Nasaha ya siri ndiyo bora pale ambapo kosa ni la mtu mwenyewe na anayeonya anaweza kumfikia. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inaelekeza vivyo hivyo: nenda kwake ninyi wawili peke yenu, akikataa chukua mashahidi, akikataa tena liambie kanisa. Nabii Nathani naye alimkabili Daudi uso kwa uso.

Lakini mlinzi wa usiku hana mlango wa kumfikia mwenye kiwanda. Kumtaka aende peke yake ofisini "akaongee vizuri" ni kumtaka apoteze kazi bila shahidi. Kwa hali kama hiyo, hatua ya faragha inaweza kutimizwa kwa barua yenye tarehe, kupitia chama cha wafanyakazi au serikali ya mtaa, na muda wa kutosha wa kujibu. Ikiwa madhara yanaendelea wakati huohuo, kwa mfano maji machafu ya kiwanda yanamwagwa kwenye mto ambao watu wanakunywa, tahadhari hutangulia na barua hufuata.

Tajiri huyu amejenga msikiti na kuchimba visima. Tumnyamazie?

Sadaka yake ni wema, na isemwe kuwa ni wema. Haki ya mtu mwingine haifutwi nayo, kwa kuwa deni hulipwa kwa mdai wake na si kwa mtu mwingine. Wakati wa Ramadhani hutokea tajiri akafuturisha mamia ya watu huku watumishi wake wakisubiri mshahara wa mwezi uliopita, na imamu aliyekula futari ile huona haya kusema. Anapaswa kusema.

Upande wa pili, msemaji asivuke akadai kwamba sadaka ile ni ria, yaani ya kujionesha. Nia imo moyoni, na hakuna hati ya daftari inayoonesha moyo. Mtu anaweza kuwa mkarimu kwelikweli na akawa mdhalimu kwa wafanyakazi wake. La kwanza halimtakasi na la pili halimfanyi mnafiki.

Sheria za nchi zinasemaje?

Zinagusa jambo hili kwa pande zote mbili. Nchini Kenya, tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kinapingana na Katiba. Madai ya fidia yamebaki, na ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010 inamtaka anayetumia uhuru wa kusema aheshimu haki na heshima za wengine. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mwenye nyaraka nzito atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kuzitoa.

Adabu inadai zaidi ya sheria. Mengi ambayo mahakama haiwezi kuyaadhibu bado ni uzushi au usengenyi.

Tajiri aliyekosolewa ajibu vipi?

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyekuja kumdai Mtume deni la ngamia, akasema kwa ukali hadi maswahaba wakataka kumshika. Mtume aliwazuia, akawaambia wamwache kwa kuwa mwenye haki ana la kusema, kisha akaamuru apewe ngamia. Walipokosa wa umri sawa na wake wakampata aliye bora zaidi, akasema mpeni huyo. Mtiririko wa kisa hiki ni mwongozo kamili kwa mwenye mali: ukali wa mdai haukujibiwa, deni lilishughulikiwa, na malipo yalizidi. Tajiri anayepokea lalamiko la mishahara kwa kutuma kwanza barua ya wakili kwa aliyelalamika, kabla ya kufungua daftari la malipo, ameanza na mahali ambapo Mtume alikataa kuanzia.

Kama lalamiko si la kweli, ana haki ya kulikanusha kwa hati zake na hata kwenda mahakamani. Kudhulumiwa kwa ulimi ni kudhulumiwa.

Nimegundua kuwa nilichokisema hakikuwa sahihi. Nifanyeje?

Sahihisha palepale uliposemea. Aliyeeneza tuhuma katika kundi la watu mia mbili kisha akaomba radhi kwa ujumbe wa faragha bado hajamrudishia mtu heshima yake. Arudi katika kundi lile, aitaje tuhuma aliyoitoa, aseme kwamba haikuwa kweli, na awaombe walioipeleka mbele wapeleke na sahihisho kulekule.

Ikiwa kosa liko katika sehemu tu ya maneno, sehemu hiyo itajwe na iliyobaki isimame. Mfanyakazi aliyesema miezi mitano, kisha ikabainika kuwa ni mitatu, aseme kuwa ni mitatu; bado anaidai hiyo mitatu, na mwajiri wake hana ruhusa ya kulitumia kosa la hesabu kuufuta mshahara wote.